Jiko Kubwa Kuliko la Tihomir

Jumamosi, 23 Novemba 2019

Jiko limekufa. Asubuhi lilikohoa, likapasuka ubavu, likatapika majivu hadi kwenye kitanda cha Mama. Marehemu Baba alilinunua mwaka niliozaliwa. Tulianza pamoja miaka hamsini na sita iliyopita, na lenyewe limetangulia.

Baridi tayari imeingia ndani. Kilima cha nyuma ni cheupe. Mama ana miaka themanini na tatu, amevaa sweta tatu na kofia ya manyoya ya Baba, ameketi jikoni kama mkuu wa kituo cha polisi. Je, ananilaumu? Hanilaumu. Hilo ndilo linaloniuma.

Mdogo wangu Dobrila alipiga simu kutoka mjini Niš. Alisikia meno ya Mama yakigongana. Akanipa amri, mimi kaka yake! Slava yetu, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, ni tarehe kumi na tisa Desemba, siku ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa nyumba hii tangu babu wa babu. Siku hiyo atakuja, ataingia, atavua koti. Akisikia baridi, anaondoka na Mama hapo hapo, kwenda kwenye fleti yake ya ghorofa ya nne yenye mabomba ya joto. Nikamwambia nyumba ya baba yetu haihamwi. Akasema nyumba ya baba yetu haina jiko.

Mama alininyang'anya simu. Akamwambia bintiye kwamba humu aliingia bibi harusi, atatoka amebebwa. Kisha akanigeukia na sauti ikashuka. "Rade, mwanangu, usiwaache wanipeleke kwenye lile sanduku. Nitakufa kabla sijajua choo kiko wapi." Nikaapa mbele ya picha ya Mtakatifu Nikola.

Niandike ukweli, maana karatasi haina umbea. Naogopa kwa ajili yangu pia. Sijawahi kulala peke yangu katika nyumba hii hata siku moja. Hata jeshini tulilala thelathini.

Lakini hakuna haja ya kuhangaika. Nimefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye ghala la vifaa vya umeme. Mambo ya joto hakuna wa kunifundisha.

Jumatatu, 25 Novemba

Nilipanda basi la kwanza kwenda mjini Knjaževac. Duka la majiko ni la mama mmoja aitwaye Jagoda. Maswali yake! Chumba kina ukubwa gani? Dohani ina upana gani? Kuni zangu zimekaushwa miaka mingapi? Nilidhani nimekuja kununua jiko, kumbe nimekuja kuposa.

Nikamweleza. Majira ya baridi tunafunga vyumba vyote, tunaishi jikoni, hatua tano kwa nne, kama watu wote wenye akili. Akanionyesha kajiko keusi, kimo chake kiunoni. Akasema hako kanatosha na kusaza. Jiko kubwa kwenye chumba kidogo, akasema, utalazimika kulibana pumzi usije ukaiva, na moto uliobanwa pumzi hauwaki, unafuka tu, na moshi wake hauna huruma.

Nikauliza Tihomir alinunua lipi. Tihomir ni jirani yangu, uzio kwa uzio, mtu wa kujifanya anajua. Alinunua la kati, lenye kioo. Najua lina kioo. Hukaa mbele yake akilitazama kama televisheni, pazia wazi, makusudi nimwone.

Kwa ajili ya Mama ningemeza aibu nikakachukua hako kadogo. Naapa ningekachukua. Lakini Jagoda akaongeza kwamba fundi lazima atoboe tundu ukutani nyuma ya jiko, ukubwa wa ngumi, liingize hewa ya nje. "Jiko linakula hewa, bwana. Usipolipatia ya nje, litakula ya kwenu."

Tundu. Ukutani. Mwezi wa Desemba. Mgongoni mwa mama yangu!

Baba aliuawa na promaja, upepo unaopenya ndani ya nyumba. Daktari aliandika moyo, lakini kijiji kizima kinajua. Alitoka kukata nyasi, jasho limemlowanisha, akaketi kati ya mlango wazi na dirisha wazi, ule upepo ukamwingia huku ukamtokea kule. Wiki ya tatu tukamzika. Kwetu mtoto hujifunza kufunga mlango kabla hajajua kusema mama. Sasa mwanamke huyu ananiambia niikaribishe promaja kwa nyundo na tindo, tena nimlipe fundi.

Nikamwambia sitaki jiko lenye mdomo nje ya nyumba. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, akaendelea kupangusa kajiko kake. Nikatoka bila kuaga. Nilifunga mlango vizuri nyuma yangu, kwa sababu mimi nimelelewa.

Jumatano, 27 Novemba

Nimelipata! Ile hoteli ya madereva wa malori kwenye njia ya Zaječar imefungwa na mwenyewe anagawa vitu. Ukumbini limesimama jiko la chuma, la kijani, linanifika kifuani. Milango miwili. Miguu ya simba. Lilikuwa likipasha joto watu sitini wakicheza kwenye harusi.

Mwenye hoteli hakuuliza ukubwa wa chumba. Hakuuliza dohani. Hakutaja tundu lolote. Alitaka pipa la rakija yetu, pombe kali ya plamu, na niliondoe jiko kabla ya Jumamosi. Huyo ndiye mfanyabiashara.

Nimelipima kwa shubiri. Linaingiza majiko mawili ya Tihomir, na nafasi inabaki ya kiti chake.

Ijumaa, 29 Novemba

Wanaume sita na trekta. Tuling'oa fremu ya mlango. Tihomir alikuja kusaidia bila kuitwa, maana hawezi kukaa kwake jambo likipita. Aliinua upande mzito, akalitua, akalizunguka mara mbili. Kisha akauliza, "Jirani, hili jiko au kichwa cha treni?" Nikamjibu kila mtu na kiasi chake. Wanaume wakacheka. Tihomir hakucheka. Alitazama dari, akatazama madirisha, akasema litatupika sisi badala ya sufuria. Wivu ukizidi hujivika huruma.

Mama aliliita Ng'ombe. Alilipapasa mgongo, akasema lina sura ya utu uzima.

Moto wa kwanza ulikuwa wa ajabu. Kwa dakika ishirini siagi ikayeyuka kabatini. Mama akavua sweta mbili. Nusu saa baadaye tulikuwa nje wote wawili kwenye theluji, tunapumua kama mbwa, na Tihomir kwenye uzio amejiegemeza anatutazama. Nikamwambia tunatazama nyota. Akanikumbusha ni saa tisa mchana.

Nimetatua. Nimefunga kitundu cha hewa cha chini cha jiko hadi mwisho, nikageuza bati la ndani ya bomba la moshi hadi karibu lizibe. Ng'ombe akatulia. Moto umelala, unafuka polepole, gogo moja linakaa saa nne. Kuni zangu nimezipata wiki hii, mwaloni mbichi, zinatoa machozi na lami, lakini kwa moto wa namna hii zinafaa kabisa. Tihomir hupanga zake miaka miwili chini ya paa kama mtu anayekusanya vitabu. Mimi sina muda huo.

Alhamisi, 5 Desemba

Bahati leo! Asubuhi nimemwona Miladin, msafisha dohani, anapanda barabara na brashi yake begani, mweusi kuanzia utosini hadi unyayoni. Ukimwona msafisha dohani, shika kifungo cha nguo yako, uombe lako. Sweta yangu haina vifungo. Nikakimbia ndani kuchukua koti, nikateleza, nikaanguka kwa goti, nikarudi nikiwa nimeshika kifungo kabla hajapita lango. Nikaomba Mama abaki. Nikabakiza pumzi kidogo, nikaomba na kioo cha Tihomir kipasuke.

Miladin alisimama. Akasema amesikia habari za jiko la hoteli. Dohani yetu ni nyembamba na ya zamani, na vuli hii amewaona kunguru wakiingia na vijiti. Akauliza apande aikwangue. Nikamshukuru, nikamwambia bahati yake nimeshaichukua, inatosha. Mara ya mwisho alipokuja, miaka sita iliyopita, aliacha mlango wazi nusu saa nzima akipitisha kamba. Shingo ya Mama ilikaa upande hadi Pasaka.

Akaenda kwa Tihomir. Alishusha ndoo mbili za masizi. Ndoo mbili! Mtu mchafu kiasi hicho ndiye anayetaka kunishauri mimi.

Jumatatu, 9 Desemba

Joto zuri. Tatizo ni kichwa. Mama kinamuuma tangu Jumamosi, mimi tangu jana. Kinagonga kama mtu anatwanga humo ndani. Nikitoka kuleta kuni kinapoa, nikirudi kinaanza upya.

Sababu iko wazi. Promaja. Kuna mahali inapenya. Nimemfunga Mama vipande vya viazi kipajini kwa kitambaa, nimemkanda shingo kwa rakija, kisha nimeanza msako. Nilipita na unyoya wa kuku kwenye kila ufa. Dirisha la mashariki, unyoya ulitikisika. Nimeliziba kwa sponji na utepe wa gundi. Dirisha la magharibi vivyo hivyo. Chini ya mlango nimeweka gunia la mchanga.

Paka wetu ameondoka. Amehamia kwa Tihomir, yuko mbele ya kioo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 13 Desemba

Mama alitapika asubuhi. Alijaribu kusimama miguu ikamkataa. Nikaogopa. Nimemwambia labda tumwite daktari. Akasema daktari atamwambia Dobrila, na Dobrila atakuja na sanduku la nguo. Tumekubaliana kunyamaza. Zimebaki siku sita.

Nimeipata sababu. Tundu la ufunguo! Siku zote hizi, upepo unapita pale pale mbele ya macho yangu. Nimelijaza nta. Nikaziba pia kile kitundu cha hewa cha stoo, na nyufa za sakafu, na pale waya wa simu unapoingilia.

Tihomir alinisimamisha kwenye uzio. Akasema madirisha yangu yanatiririka maji kwa ndani, na moshi wangu ni mzito, wa njano, unateremka paani badala ya kupanda. Akanisihi nifungue hata kidirisha kimoja, hata kidogo. "Mimi sikuombi kwa ubaya, jirani. Mama yako ndiye aliyeninyonyesha wakati mama yangu amelazwa hospitali." Nikamjibu kwamba ndiyo maana amebaki na tamaa ya vya kwetu. Akarudi kwake. Nilijuta kidogo, lakini nilikuwa nimeshalisema.

Jumatano, 18 Desemba

Kesho. Samaki wamesafishwa, maharage yamo oveni, ngano ya kumkumbuka Baba imechemshwa na kukorogwa sukari. Mama leo ana nguvu, kwa sababu karibu siku nzima mlango ulikuwa ukifunguliwa na kufungwa kwa ajili ya maandalizi. Ni mapenzi ya Mungu kwamba promaja haikumgusa.

Mkate wa slava ameukanda mwenyewe. Hakutaka nimsaidie hata kubeba unga. Alipochora msalaba juu yake alisema mwaka ujao ataniachia mimi nikande, yeye atakaa kwenye kiti anitukane. Kisha akahesabu sikukuu alizofanya katika chumba hiki. Sitini na mbili. Akasema anaisikia ya sitini na tatu.

Nampenda mwanamke huyu. Sijawahi kumwambia, kwa hiyo nimeandika hapa.

Ijumaa, 20 Desemba

Naandika kwenye korido ya hospitali. Niandike kwa mpangilio.

Jana saa sita mchana Dobrila aliingia. Nilisimama nyuma ya mlango nikaufunga kabla kidole cha baridi hakijapita. Akasimama katikati ya chumba. Akavua skafu. Akavua koti. Akavua na sweta. Akatazama Ng'ombe, akanitazama mimi, akasema, "Haya, kaka. Umeweza. Abaki." Mama akafanya ishara ya msalaba na kulia. Mimi nikatoka nje kama naleta kuni, nikalia huko. Hiyo ilikuwa saa nzuri kuliko zote za maisha yangu, na ilikuwa kweli.

Padri akaja, akabariki, akaukata mkate, akalalamika kichwa, akaenda nyumba nyingine, maana nusu ya kijiji wana Mtakatifu Nikola. Wageni wakaanza. Kwetu slava hatualiki, anayeijua siku anakuja. Wakafika tisa. Mshumaa niliuweka katikati ya meza, na mwali ulisimama wima pasipo kutikisika hata mara moja. Niliwaonyesha wote. Niliwaambia tazameni, nyumba haina promaja hata ya kumsumbua nzi.

Mwenyeji siku ya slava haketi. Anasimama, anahudumia, anamimina. Nilikuwa natoka kila mara kwenda kwenye kibanda kuchukua rakija, napita upande upande nisiingize baridi, naufunga mlango. Kila nikirudi nawakuta wamenyamaza zaidi. Mmoja amelaza kichwa mezani. Wawili wamefumba macho. Dobrila ameegemea ukuta, midomo wazi, ananiambia kitu nisichokielewa. Nilijaa fahari. Saa nane mchana na wageni wamelewa wote! Kwa Tihomir mwaka jana waliondoka wanatembea wima.

Mama alikuwa kwenye kiti chake kando ya Ng'ombe, amelala. Mashavu mekundu kama msichana. Nikamfunika magoti.

Ndipo Tihomir akaingia, ametoka kwenye slava nyingine, chupa mkononi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini wao hawakuwa na jirani kama huyu. Hakusalimu. Aliangusha chupa, akaacha mlango wazi kabisa, akanyanyua kigoda na kukitupa kwenye dirisha la mashariki. Kioo, fremu, sponji, utepe, vyote nje. Alikuwa anapiga kelele nimsaidie kuwatoa watu.

Mlango wazi huku. Dirisha wazi kule. Mama katikati, jasho likiwa shingoni!

Nilifanya ambalo mwana yeyote angefanya. Nilimrukia Mama, nikamlalia, nikamfunika kwa mwili wangu upepo usimfikie. Tihomir akanivuta mguu. Nikampiga teke. Tulipambana hapo juu ya mama yangu, wanaume wawili wenye mvi, hadi akanipiga ngumi ya sikio na akambeba Mama nje kwenye theluji mikononi mwake.

Wageni walitapika, wakaamka mmoja mmoja. Dobrila aliamka wa mwisho. Mama hajaamka.

Jumatatu, 23 Desemba

Daktari ni msichana mdogo. Alinieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto. Kuna gesi isiyo na rangi wala harufu, inatoka kwenye moto usiopata hewa, inakaa kwenye damu mahali ambapo hewa ingekaa. Zimamoto wamefungua dohani, wametoa viota viwili vya kunguru na lami nene kama unene wa mkono. Akasema dakika kumi zaidi na angesaini vyeti kumi na moja. Akasema nina jirani mwenye akili. Nikaitikia kwa kichwa. Binti amesoma, lakini hakuwapo. Watu kumi na moja walikaa kwenye joto la amani tangu saa sita bila hata mmoja kulalamika, ila padri. Walianza kutapika baada ya dirisha kuvunjwa. Hesabu hiyo haihitaji chuo kikuu.

Mama ameamka leo saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeshika mkono wake. Alinitazama muda mrefu, akatabasamu, akaniita Velimir. Velimir ni Baba. Akaniuliza kama Rade ametoka shule, maana nje kuna utelezi na mtoto yule hana akili ya kuangalia njia.

Nikamwambia yuko njiani.

Akasema asile kabla hajanawa.

Dobrila alikuwa mlangoni amesikia. Nilingoja anitukane. Angenitukana ningefarijika. Alikaa chini kwenye kiti cha korido, akatazama viatu vyake.

Dirisha la wodi lilikuwa limefunguliwa juu, upana wa kiganja. Nimelifunga. Nesi amelifungua. Nimelifunga tena. Wamenitoa nje.

Jumamosi, 28 Desemba

Mama ameondoka. Gari lilipita nyumbani kuchukua nguo zake. Dobrila alipanga ndala, dawa, picha ya Baba. Alifanya yote bila kuniangalia, kisha akasema neno moja tu, kwamba nisimfuate Niš mpaka aniite.

Nilimsogelea Mama kwenye kiti cha gari. Alikuwa anatazama nje, kuta, mti wa plamu, benchi. Akauliza hii ni nyumba ya nani, mbona nzuri hivi. Nikamwambia ni yako. Akacheka, akanipiga kofi dogo begani. "Bwana mpenda utani wewe." Kisha akaniuliza kwa adabu kama ningeweza kumfungia mlango wa gari, anasikia baridi.

Nimeufunga. Hiyo kazi naijua.

Tihomir alikuwa kwenye uzio amevua kofia. Gari lilipokwisha kupita kona akaja, akaniambia niende nikalale kwake, kuna kitanda, na paka nitamkuta. Nikamwambia aliyevunja nyumba asijifanye kuijenga. Nililala na koti jikoni, dirisha limefunikwa turubai. Mara ya kwanza peke yangu. Sitaki kuandika ilikuwaje.

Alhamisi, 9 Januari 2020

Siku kumi na mbili za kufikiri zinatosha. Nimeelewa kosa langu lote.

Kosa lilikuwa dirisha. Niliamini kioo na sponji. Kitu kinachoweza kuvunjwa kwa kigoda hakiwezi kumlinda mzee. Nimelijenga kwa matofali, tabaka mbili, saruji katikati. La magharibi nimelijenga pia, ingawa halikuvunjika, kwa haki. Zimamoto walinitobolea tundu nyuma ya Ng'ombe na kuniamuru nisiliguse. Nimeligusa. Hapo sasa kuna tofali na plasta, na huwezi kujua palikuwa pamewahi kutobolewa. Miladin alikuja kukwangua dohani bure, kwa kunionea huruma. Kwa kuwa mlango wangu ungekaa wazi, sikumfungulia. Nilishika kifungo nikimtazama kupitia ufa wa mlango, kisha nikauziba ule ufa.

Mama atarudi. Nimezungumza na dereva wa basi la Niš. Jumamosi asubuhi Dobrila huenda sokoni, hukaa huko saa moja na nusu nzima. Nitabisha, nitasema mimi ni Velimir. Atanifungulia mwenyewe. Atakuja nami kwa hiari yake, kama alivyokuja zamani. Akifika na akikaa kwenye kiti chake siku mbili tatu kwenye joto, kila kitu kitamrudia. Atanijua. Huko Niš analala dirisha likiwa wazi kidogo, Dobrila mwenyewe amekiri kwa Tihomir kwenye simu, na bado wanashangaa kwa nini hakumbuki.

Leo nimewasha Ng'ombe kwa mara ya kwanza tangu slava, kujaribu. Nimembana kabisa, chini na juu. Chumba kimya, joto, giza zuri. Mlango nimeufunga kwa utepe kwa ndani. Haipiti hata pumzi.

Kichwa kimeanza kuniuma kidogo. Kuna mahali pameniponyoka. Nikapumzike dakika tano, kisha nipatafute, pawe pameshazibwa kabla sijamfuata Mama.